TONE LA MVUA NA TANURI LA ATOMI

Mvua ya alasiri ikiisha kunyesha Kakamega, matone hubaki juu ya majani ya nduma. Upepo ukilitikisa jani, tone kubwa hurefuka, huwa jembamba katikati, kisha hukatika mawili, na vitone vidogo huruka kando. Alitazamaye jambo hilo kwa makini ameshika mwanzo wa elimu ya atomi.

Mnamo Desemba 1938, mjini Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga urani kwa nyutroni, wakastaajabu kuona imetokea bariamu, ambayo uzito wake ni kama nusu tu ya urani. Lise Meitner, aliyekuwa amekimbilia Sweden, alilifumbua fumbo hilo pamoja na Otto Frisch, mtoto wa dada yake. Kiini cha urani, walisema, ni kama tone: kikimeza nyutroni hutikisika, hurefuka, na kupasuka vipande viwili kwa nguvu nyingi.

Katika kupasuka huko hutoka nyutroni nyingine, mbili au tatu. Hizo nazo zikipasua viini vingine, moja huzaa mbili, na mbili huzaa nne. Ndivyo ulivyoangamizwa mji wa Hiroshima mwaka 1945, kwa urani ambayo sehemu yake kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, huko Katanga.

Je, moto wa namna hiyo wafugika? Wafugika, kwa sababu iliyo ndogo mno. Katika nyutroni elfu moja za urani 235, sita au saba hivi huchelewa kutoka, pengine kwa sekunde kadhaa. Tanuri hupangwa ili moto wake usidumu bila hizo zichelewazo; hapo ndipo msimamizi apatapo nafasi ya kushusha fimbo zinazomeza nyutroni. Huko Chernobyl, mwaka 1986, nafasi hiyo ilipotea, na tanuri likalipuka. Kwa hiyo wataalamu huifuata kwanza safari ya nyutroni kwa hesabu za kompyuta, kabla tanuri lenyewe halijawashwa.

Mwaka 1959 Kongo ilipata tanuri dogo la utafiti huko Kinshasa, mji ulioitwa wakati ule Léopoldville. Nayo Siaya, jirani ya Kakamega, ilitajwa mwaka 2025 kuwa mahali panapofikiriwa kwa tanuri la umeme la Kenya. Siku baraza litakapoitishwa, mwananchi asiulize tu kama tanuri ni bomu. Na aulize: nani atakayezihesabu nyutroni hizo, na hesabu yake itakaguliwa na nani?