Nyumba za Kale Nazo Zipumue

Siku hizi ni nadra kupita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar usikute rundo la mchanga na chokaa mlangoni pa mtu. Nyumba kongwe zinafufuliwa. Hilo ni jambo la kheri, na tangu mwaka 2000, UNESCO ilipouingiza Mji huu katika Urithi wa Dunia, dhamana ya kuutunza imezidi kuwa nzito. Lakini leo hatuna budi kulitaja jambo ambalo wengi huona haya kulisema hadharani, nalo ni harufu ya vyooni.

Tumepata kuingia katika nyumba zilizotengenezwa upya kwa gharama kubwa. Sakafu zinang'aa, milango imepakwa mafuta, na choo cha kuvuta kimewekwa kila ghorofa. Hata hivyo mgeni hakai nusu saa kabla hajaanza kugeuza uso. Mwenye nyumba humlaumu mtumishi kuwa hasugui. Mpangaji wa chini humlaumu wa juu. Na wa juu huilaumu Serikali. Aghalabu kosa si la hata mmoja wao. Kosa limo ukutani: bomba la maji machafu halikupewa pahala pa kuvutia pumzi.

Tueleze. Chini ya kila beseni la kunawia pana bomba lililopindwa, na katika pindo hilo hubaki maji, kina chake kama inchi mbili. Maji hayo machache ndiyo mlango uliopo baina ya watu na karo. Choo cha juu kinapovutwa, maji hushuka kwa kishindo, yakiisukuma hewa iliyo mbele na kuivuta iliyo nyuma. Bomba likiwa halina upenyo juu, hewa hutafuta palipo dhaifu, nako ni katika pindo. Beseni hukoroma, maji yake hunyonywa, na mlango hubaki wazi. Aliye ghorofa ya chini naye husukumiwa hewa chafu ndani kwake. Wala hewa hiyo si harufu tu. Imo gesi inukayo kama yai viza, ambayo ikiwa nyingi mahali palipofungika huua. Na imo nyingine ishikayo moto.

Dawa yake si ngumu. Bomba kuu lisikomee kwenye choo cha mwisho, bali liendelee kwa unene wake ule ule hadi juu ya paa, mdomo wazi, mbali na madirisha na mahali watu wanapobarizi. Beseni lililo mbali nalo lipewe bomba lake dogo la hewa, lenye mwinamo ili maji yakiingia yarudi chini. Na mdomoni utiwe wavu wa waya. Wazee wa Makunduchi wanakumbuka jinsi vyoo vya shimo huko, mwishoni mwa miaka ya 1980, vilivyotiwa chembe nyepesi za plastiki zielee juu ya maji, ili mbu waenezao matende wasizaliane humo. Bomba la karo lisilo na wavu ni njia ya mbu hao hao.

Wapo wasemao kuwa dirisha la chooni linatosha. Hawakulifahamu jambo lenyewe. Dirisha hutoa harufu iliyokwisha kuingia chumbani. Halilipi bomba pumzi. Wengine, wakisikia harufu inatoka juu ya paa, huuziba mdomo wa bomba kwa sementi. Hao wameifukuza harufu darini wakaikaribisha chumbani.

Wapo pia wasemao kwamba mabomba yatauharibu uso wa Mji. Hoja hii tunaiheshimu. Lakini nyingi ya nyumba hizi zina uwanda wa ndani, na huko bomba laweza kupanda bila kuonekana njiani. Kuzikata boriti, au kulizika bomba ndani ya ukuta wa mawe na chokaa, ndiko kuharibu hasa, kwani siku litakapovuja, ukuta utakunywa maji kimya kimya hadi ulegee.

Kwa hiyo tunawataka wakuu wanaohusika wasitie saini ramani ya matengenezo isiyoonyesha njia ya hewa, toka karo hadi juu ya paa. Mkaguzi afike kabla ukuta haujapigwa lipu, kwani akifika baadaye atakagua rangi. Vyuo vya ufundi navyo viwafundishe vijana sababu ya bomba hili, maana fundi asiyejua sababu huliacha mara tu mwenye nyumba anapolalamikia gharama. Na kwa zile nyumba za Serikali ambamo familia kadhaa hutumia bomba moja, Serikali iwe ya kwanza kutekeleza inayoyaagiza. Haifai mpangaji aambiwe achange kwa kosa lililokuwamo ukutani kabla yeye hajahamia.

Nanyi ndugu wananchi, ukuta ungali wazi, muulizeni fundi swali moja: hewa itapita wapi? Akikosa jibu, asiendelee. Mabomba machache leo ni nafuu kuliko kuvunja marumaru kesho. Tulifundishwa chuoni, tungali wadogo, kwamba unadhifu ni katika imani. Nyumba iliyopambwa usoni na kunuka ndani haijawa nadhifu.