Gari la mbio lililouzwa dukani

Subaru Impreza ya turbo ikiegeshwa nje ya gereji mjini Sotik, vijana hawakawii kuizunguka. Macho yote huenda kwenye tundu lililo juu ya boneti. Si pambo. Hupitisha upepo wa kupoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini, na likawekwa kwenye gari la raia kwa sababu kanuni za mbio zililazimisha.

FIA, shirikisho la michezo ya magari duniani, lilidai kwamba kiwanda kinachotaka kushindana kiunde kwanza magari ya kutosha ya aina hiyohiyo. Daraja la mbio lililoitwa Kundi B lilitaka 200. Kundi A lilitaka 5,000, baadaye 2,500. Opel haikuificha hesabu yake: Ascona 400, aliyoshinda nayo Ari Vatanen Safari Rally ya 1983, ilipewa jina kutokana na magari 400 yaliyohitajika chini ya kanuni zilizotangulia makundi hayo.

Wapenzi wengi huapa kwa Kundi B. Wanalisifu kupita kiasi. Magari 200 duniani kote humezwa na matajiri, wengine wakabaki na picha. Kundi A ndilo lililomjali mwananchi. Toyota iliunda Celica GT-Four 5,000 za toleo maalumu, na aina hiyo ikatwaa Safari mara nne mfululizo, 1992 hadi 1995; ya 1994 aliinyakua Mkenya Ian Duncan. Mwaka 1996 Tommi Mäkinen akashinda kwa Mitsubishi Lancer Evolution, gari ambalo hata mkulima wa chai angeweza kulinunua likiwa mtumba kutoka Japani. Tena lilimfaa: masika yakichacha na njia ya kwenda kituo cha majani chai ikawa tope tupu, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne si anasa.

Leo uhusiano huo umekatika. Magari ya Rally1, daraja la juu la mbio za sasa, yanayotimua vumbi Naivasha tangu 2022, yamejengwa juu ya fremu ya mabomba na hayauzwi katika duka lolote la magari.

Nayo yale ya zamani hayaji tena, kwani Kenya hairuhusu kuingiza mtumba uliozidi miaka minane. Yaliyopo ndiyo hayo. Basi mwenye Evolution au GT-Four aliyeambiwa na fundi ang'oe turbo auze vipuri, atafute fundi mwingine.