Cinderella Hana Mahari

Wanachuo wenzangu, filamu ya Cinderella ya mwaka 2015, ile ya Kenneth Branagh, inazunguka hosteli kwetu kwenye fleshi kama notisi za mtihani. Nimeiona mara tatu na nitaiona tena. Ila kila ikiisha nabaki na vitu viwili: raha na hasira.

Raha kwanza. Ella wa humu si yule wa kulialia tuliyemzoea. Anakutana na mwana wa mfalme msituni kabla ya dansi, na anambishia habari ya kuwinda. Mama wa kambo (Cate Blanchett kaua humo!) anapotaka kumtumia kujipatia cheo ikulu, Ella anakataa, mpaka kiatu kinavunjwa mbele ya macho yake. Mwishoni anamwambia kijana wazi kwamba hana wazazi wala mahari. Kwao mahari hutoka upande wa binti. Kwetu Usukumani ng'ombe hutoka kwa mume kwenda kwa baba mkwe. Kwa hiyo mimi pale nasikia kingine: binti hana bei, na bado anapendwa. Nani asingefurahi?

Sasa hasira. Akishafungiwa darini, Ella anakaa tu, anaimba. Panya ndio wanaofungua dirisha ili sauti isikike nje. Mtu aliyejua kusema hapana, ghafla hajui hata kugonga mlango!

Mtaniambia ni hadithi tu, niache ualimu. Sawa. Lakini nilipokuwa mazoezi ya kufundisha Geita, wasichana wa kidato cha pili waliijua hadithi hii kuliko shairi lolote la kwenye silabasi. Na mwana wa mfalme wa kule anajulikana: kijana aliyebahatika kwenye duara la dhahabu, ana pikipiki mpya na hela ya chipsi. Kwetu Shinyanga anakuja na ng'ombe, na watu husema wazi kwamba binti mweupe huongeza idadi. Hicho nacho ni kiatu cha kioo: unapimwa mwili, huulizwi unataka nini.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, mvulana akisubiri 18. Rebeca Gyumi hakungoja panya. Alikwenda Mahakama Kuu, akashinda mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa.

Sisemi filamu ipigwe marufuku. Mapenzi matamu, na mabinti wetu wana haki ya kuyaota kama wengine. Ila nikipata ajira nitaionyesha darasani, nitaisimamisha pale mlango wa dari unapofungwa, kisha niulize: wewe ungefanyaje? Nikisikia majibu kumi ya kutoka mle ndani bila kumtaja mwana wa mfalme, kipindi kimefundishwa. Halafu tutamalizia filamu, maana gauni lile la bluu, jamani, acheni tu.