Lawama za Michenzani zisibebeshwe zege

MJI NA WATU
Safu ya kila wiki ya Mwanaisha Khamis

Yanapotajwa majumba ya Michenzani, mazungumzo huishia kwenye umbo lake. Ni marefu mno, watu husema, tena mazito. Yameletwa Unguja kutoka Ujerumani Mashariki bila kuuliza jua na joto la kwetu. Yanauvunjia heshima Mji Mkongwe ulio jirani yake, mji ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hukumu hufuata upesi: usanifu wa kisasa wa karne ya 20, ule wa zege, mistari iliyonyooka na madirisha yanayofanana, ulikuwa kosa la wataalamu waliojiona wanajua kila kitu, na kilichobaki sasa ni kubomoa na kuwaachia wawekezaji. Hukumu hiyo inamwadhibu asiye na hatia. Majumba yale yamechakaa kwa sababu isiyoonekana ukutani: yalijengwa bila fungu la kuyatunza, na mpaka leo fungu hilo halijawekwa. Tukizidi kulaumu zege, kosa hilo hilo litajirudia katika miradi ya nyumba inayotangazwa sasa Afrika Mashariki.

Tuanze na ahadi yenyewe, maana imesahaulika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza miji ya Ujerumani ilikuwa na maelfu ya familia za wafanyakazi waliobanana katika vyumba visivyo na hewa wala maji. Walter Gropius alianzisha shule ya Bauhaus mjini Weimar mwaka 1919, na kizazi kile cha wasanifu kikashikilia kwamba nyumba safi, yenye mwanga na choo chake, ni haki ya mfanyakazi sawa na ya tajiri. Mjini Frankfurt wazo hilo lilipata mtekelezaji. Kati ya 1925 na 1930 Ernst May, aliyekuwa msimamizi wa ujenzi wa jiji, aliongoza ujenzi wa nyumba zaidi ya 10,000, na mwenzake Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926 akabuni jiko dogo lililopimwa hatua kwa hatua ili kumpunguzia mama wa nyumba mwendo na uchovu. Picha za nyumba zile nyeupe zimejaa katika vitabu vya usanifu. Ambayo haimo katika picha ni kodi. Mfumuko mkubwa wa bei wa 1923 ulikuwa umefuta madeni ya wenye majumba ya zamani, na serikali ikaona si haki faida hiyo ibaki kwao peke yao, ikaitoza kodi, na sehemu ya kodi hiyo ndiyo iliyojenga. Uchumi ulipoporomoka baada ya 1929 fedha zikakauka, na ujenzi ukakatika. Hata kabla ya hapo, kodi ya pango katika mtaa maarufu wa Römerstadt ilikuwa juu ya uwezo wa wafanyakazi wengi waliokusudiwa. Msanifu hodari hakuweza kuvuka mipaka ya daftari la hesabu.

May huyo huyo alihamia Afrika Mashariki mwaka 1934, akalima Tanganyika kisha akafanya kazi Nairobi, na miaka ya 1940 akachora mpango wa kuipanua Kampala. Namtaja kwa sababu ndiye ushahidi wa wazi kwamba umbo na ahadi ni mambo mawili. Aliyekuwa Frankfurt akitumikia baraza la jiji lililochaguliwa na watu, huku alitumikia dola ya kikoloni, na mpango wake wa Kampala haukuvunja utengano wa makazi kwa rangi. Mtu ni yule yule na ujuzi ni ule ule, lakini haki haikuwamo, kwa kuwa haki haipatikani katika kalamu ya msanifu.

Wanaosema urefu wa majumba ndio maradhi waende Vienna. Huko limesimama Karl-Marx-Hof, jumba lililomalizwa mwaka 1930, lenye urefu unaopita kilomita moja na nyumba karibu 1,400. Michenzani, yenye mita 300 kwa kila jumba, ni fupi mbele yake. Jumba lile lilijengwa likiwa na shule za chekechea, mahali pa kufulia nguo, mabafu, maktaba na zahanati, na sehemu kubwa ya kiwanja ikaachwa wazi iwe bustani. Kweli, wasanifu wa kisasa wenye msimamo mkali walililaumu kwa matao yake na sura yake ya ngome, lakini nia ilikuwa moja. Kati ya 1923 na 1934 jiji lilijenga nyumba zaidi ya 60,000, na utaratibu wa fedha ulikuwa hivi: gharama za kujenga zililipwa na kodi, ikiwemo kodi maalumu ya nyumba, na mpangaji akatozwa kiasi kidogo cha kugharimia matunzo. Mpangaji hakulipia zege. Alilipia bomba, paa, ngazi na mfagizi. Jiji hilo leo linamiliki nyumba takriban 220,000, na zile za miaka ya 1920 bado zinakaliwa, si na masikini wa mwisho tu bali na watu wa kila aina. Karne nzima imepita juu ya majengo marefu, yanayofanana, ya umma, na hayajaoza.

Sasa turudi Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar ilipo Michenzani. Ahadi ya nyumba bora haikuletwa huku na Wajerumani. Madai yalikuwepo kabla yao. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kuwalipa wenye ardhi kodi ya viwanja walivyojengea vibanda vyao vya udongo, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuingilia. Mpango wa mji uliochapishwa na Mwingereza Lanchester mwaka 1923 ulikuwa umeshatangulia, na mingine ikafuata, lakini mgawanyiko wa mji wa mawe upande mmoja na mji wa udongo na makuti upande wa pili ulibaki mpaka Mapinduzi ya 1964. Serikali mpya ilipoungwa mkono na Ujerumani Mashariki, mafleti ya kwanza yalijengwa Kikwajuni. Mwaka 1968 mpangaji Mjerumani, Hubert Scholz, alitoa mpango mkuu wa mji, na Mzee Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, akataka majumba makubwa na marefu kuliko yaliyochorwa. Mnamo 1970 kazi ya Michenzani ilianza. Nyumba za maendeleo zikajengwa pia mashamba, na Pemba nako zikafika. Familia zilizokuwa zikiishi katika vibanda zikaingia katika nyumba zenye umeme, bomba na choo cha ndani, na waliobomolewa vibanda vyao wakapewa bure. Anayedharau tukio lile hajui maana ya kuishi kwa kodi ya kiwanja cha mwenye kiwanja, miaka nenda miaka rudi, katika nyumba ambayo mvua ya masika huila kila mwaka.

Ni katika neno hilo, bure, ndipo ufa ulipoanzia. Nyumba ilipotolewa bila malipo hata ya matunzo, pampu ya maji haikuwa na mlipaji ila bajeti kuu ya serikali, na Mzee Karume alipouawa Aprili 1972 mradi uliopangwa kumaliza Ng'ambo yote ulipungua kasi, ukaacha sehemu ndogo tu ya yaliyokusudiwa. Majengo hayakuwekewa lifti. Maji yaliposhindwa kupanda, wa ghorofa ya tano akabaki kupandisha ndoo kwa ngazi, na kazi hiyo, kama ilivyo desturi, ikawaangukia wanawake na watoto. Paa likivuja, nani aite fundi? Aliye juu ndiye anayelowa, aliye chini hana haja nalo, na mwenye jengo ni serikali. Kila familia ikajitengenezea ndani ya mlango wake, na ngazi, kuta za nje na mabomba ya pamoja yakabaki bila mwenyewe. Hakuna ukuta wa zege duniani unaostahimili hewa ya chumvi kwa nusu karne bila rangi na bila kuzibwa nyufa, kwa sababu chumvi ikishaifikia nondo, nondo huvimba kwa kutu na kupasua zege kutoka ndani.

Kisa cha Pruitt-Igoe mjini St. Louis, Marekani, hutajwa kila mara kama kifo cha usanifu wa kisasa. Majengo 33 ya ghorofa 11, yaliyochorwa na Minoru Yamasaki na kukamilika katikati ya miaka ya 1950, yalianza kuangushwa kwa baruti mwaka 1972. Wachache husema kilichotokea katikati. Serikali kuu ilitoa fedha za kujenga, lakini matunzo yalitakiwa yatoke katika kodi za wapangaji. Mji ulikuwa unakimbiwa: ulikuwa na watu kama 850,000 mwaka 1950, na miaka ishirini baadaye kama 620,000. Waliobaki Pruitt-Igoe walikuwa Wamarekani weusi masikini waliofungiwa milango ya vitongoji vingine. Wapangaji walipopungua, makusanyo yakapungua. Makusanyo yalipopungua, lifti na mabomba yakaachwa. Mabomba yalipopasuka, wapangaji wengine wakahama. Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma za mji huo waligoma kulipa. St. Louis iliwabebesha masikini mzigo wote wa matunzo, Zanzibar haikumbebesha mtu yeyote, na kote majengo yakaharibika.

Najua nitajibiwa kwamba umbo nalo lina makosa yake, na jibu hilo ni la haki. Nyumba ya Kiswahili ina uwani, na uwani ndiko yanakofanyika mengi: kukuna nazi, kutwanga, kuanika, kupika kwa mkaa, kuosha maiti, kuchezea watoto, kukaa wanawake pasipo macho ya wapita njia. Mbele kuna baraza, na ujirani wa mtaa mzima umejengwa juu yake. Fleti haikuwapa watu kimojawapo. Jiko lake lilichorwa kwa mpishi wa gesi au umeme anayesimama, si kwa anayekalia mbuzi. Hapa wasanifu wa kisasa wana hatia, si Wajerumani wa Zanzibar peke yao bali kizazi kizima kilichoamini kwamba mahitaji ya binadamu ni mamoja kila mahali na yanaweza kupimwa kwa futi. Wangeuliza, wangeambiwa. Lakini kosa hilo lilirekebishika. Uwani wa pamoja ungeweza kuzungushwa nyuma ya kila jumba, na baraza ingeweza kujengwa kila ghorofa penye ngazi. Usanifu wa kisasa wenyewe ulikuwa na uwezo wa kujifunza: soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililochorwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970, lina paa la zege kama miavuli iliyogeuzwa, la kutoa kivuli na kukusanya maji ya mvua. Mwafrika alilitumia zege lile lile kujibu hali ya hewa ya kwake.

Pingamizi zito zaidi ni la shuruti. Vibanda vya watu vilibomolewa bila wenyewe kuwa na sauti, na nguvukazi ya kujenga taifa haikuwa ya hiari kwa kila aliyeibeba. Silitetei jambo hilo, wala wema wa nia haulifuti. Ninalolikataa ni kulitumia kama hoja ya kubomoa tena. Kumwondoa mkazi wa leo wa Michenzani kwa jina la mwekezaji, bila yeye kuwa na sauti, ni kurudia dhuluma ya 1970 bila hata ile zawadi ya nyumba iliyofuata. Familia 644 za Magomeni Kota, Dar es Salaam, zilisubiri karibu miaka kumi tangu nyumba zao za zamani zivunjwe mpaka majengo mapya yalipofunguliwa mwaka 2022. Walipata nyumba nzuri. Ila muda wote ule waliishi nje ya nyumba zao, na muda huo nao ni gharama ambayo mchoro hauionyeshi.

Kenya imechagua njia ya Frankfurt na Vienna, ijapokuwa haikuitaja hivyo: sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Mahakama Kuu ilikuwa imeyapinga makato ya mwanzo mwaka 2023, na ugomvi wa wananchi juu ya ushuru wa nyumba ulikuwa mkali. Ugomvi huo ulihusu nani akatwe na nani apewe, maswali ya msingi kabisa. Laiti nusu ya makelele yale ingehusu mwaka wa kumi na tano wa jengo, pale pampu ya kwanza inapokufa. Vienna ilitoza kodi ya kujenga na ada ya kutunza, viwili mbalimbali, na kila mpangaji alijua senti yake inakwenda wapi.

Watakaosema Zanzibar ni masikini mno kwa mambo hayo watazame Vienna ilivyokuwa mwaka 1923: makao makuu ya dola iliyovunjika, njaa imepita juzi, sarafu imekuwa karatasi tupu. Mkuu wake wa fedha, Hugo Breitner, alitoza anasa: watumishi wa majumbani, magari, farasi wa mbio, mikahawa ya kifahari. Kisiwa chetu kinapokea mamia ya maelfu ya watalii kila mwaka, na anasa zinazouzwa katika fukwe zake hazina haja ya kutafutwa kwa tochi. Sehemu iliyotajwa kisheria ya tozo za utalii iingie katika mfuko wa matunzo ya nyumba za umma, na wakazi wachangie ada ndogo ya kila mwezi kupitia kamati ya kila jumba yenye akaunti yake na uwezo wa kumwita fundi bila kusubiri wizara. Kazi ya kwanza ya mfuko iwe maji mpaka ghorofa ya mwisho, ya pili paa, ya tatu kuziba nyufa na kuziokoa nondo. Orodha hiyo inaweza kuanza kutekelezwa kabla ya bajeti ijayo, na wakazi wenyewe wanaijua vizuri kuliko mshauri yeyote atakayelipwa kuiandika upya.