Gari Kuukuu Haliuawi na Mchanga

Mpwa wangu alinijia juzi, uso umemsawijika. Amenunua gari la safari kuukuu, lile Volkswagen Syncro lenye kitanda na jiko ndani, ili awe akichukua watu kwenda kuvua na kulala ufuoni. Likikata kona kwenye lami huwa zito kana kwamba limeshikwa breki. Fundi mmoja alimwambia: "Toa propela ya mbele, uendeshe kwa magurudumu ya nyuma tu. Gari limezeeka hilo." Akaniuliza, "Mjomba, nifanyeje?"

Suali hili si lake peke yake. Vijana wetu wengi wa pwani wananunua magari kuukuu ya magurudumu manne, na yakiharibika lawama hutupiwa uzee au mchanga. Mimi nasema vyote viwili vimesingiziwa.

Tulitazame gari lenyewe. Volkswagen waliliuza tangu 1985 hadi 1992, na kazi ya kuliunda ilifanywa na Steyr-Daimler-Puch huko Graz, Austria. Basi hata lile la mwisho limepita miaka 30. Injini na giaboksi ziko nyuma. Kutoka hapo propela ndefu hupita chini ya gari mpaka kwenye difu ya mbele. Hapo pana chombo cha duara kiitwacho viskosi, ambacho ndani yake mna visahani vyembamba vingi vilivyozama katika mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yakizunguka sawasawa, viskosi haina kazi kubwa. Ya nyuma yakiteleza mchangani, mafuta yale husuguliwa yakapata moto, visahani vya upande mmoja vikavikokota vya upande wa pili, na ya mbele yakaanza kuvuta.

Sasa sikiliza, msomaji. Mtu akitia tairi mpya nyuma na zilizolika mbele, magurudumu hayawezi kuzunguka sawa hata kwenye lami. Viskosi hufanya kazi mchana kutwa bila ya haja, mafuta hupikika yakawa magumu, mbele na nyuma zikafungamana daima. Mchangani tairi huteleza kidogo, nguvu zikapata pa kutokea. Kwenye lami hapana pa kutokea, na mzigo wote huirudia giaboksi. Tulipozikagua tairi za mpwa wangu, nne zilikuwa za aina tatu.

Kuitoa propela kwa muda ili kuiokoa giaboksi si kosa. Kosa ni kuihesabu kuwa ndiyo dawa. Gari likizama katika matope ya Tana wakati wa masika, na abiria wamo ndani, propela iliyoachwa nyumbani itamfaa nani?

Yako na mengine madogo. Maungio ya ekseli yamefunikwa kwa mipira. Mpira ukipasuka, mchanga huingia ukachanganyika na grisi, ikawa kama msasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mpira ni bei ndogo, ekseli si bei ndogo. Na baada ya kuvuka maji, tazama mafuta ya giaboksi na ya difu. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na kila kilomita unayokwenda unayasaga meno ya gia.

Kisha kuna dereva. Gari hili lina gia iliyoandikwa G, fupi kuliko ya kwanza, iliyowekwa kwa ajili ya mahali pagumu. Wengi huisahau, wakaondoka kwa gia ya kwanza huku wakiunguza klachi. Mchangani punguza upepo wa tairi, tia gia hiyo, ondoka taratibu. Ukirudi barabarani, jaza upepo tena.

Najua nitaambiwa kuwa vipuri vya gari hili ni adimu na ghali. Ni kweli, na hiyo ndiyo hoja yangu. Chenye vipuri tele waweza kukivunja leo ukakitengeneza kesho. Kisicho na vipuri hukitunza kabla hakijavunjika. Wazee wetu waliyajua haya. Jahazi lilipandishwa pwani, likakwanguliwa, likatiwa kalafati, likapakwa deheni kabla ya kusafiri. Nahodha hakungoja maji yajae ngamani ndipo aseme chombo kimezeeka. Ujuzi ule tunausifu katika mashairi, lakini tukipewa usukani wa gari tunausahau.

Mpwa wangu ameuza pikipiki yake, akanunua tairi nne za namna moja. Viskosi bado tunaitafuta. Hadi ipatikane, propela imefungwa vizuri stoo, na nimemwambia wazi: abiria wa watu asiwapeleke matopeni.