Fundi wa Doom Akikishika Kifaa

SAFU YA JUMAMOSI
Na Rehema Mbaruku

Oktoba 2025 kampuni ya NVIDIA iliingiza sokoni kompyuta ndogo ya rangi ya dhahabu iitwayo DGX Spark. Inaenea kwenye mkoba wa mwanafunzi, na bei yake ilikuwa dola 3,999. Matangazo yalisema mtu sasa ataweza kufanya kazi za akili mnemba mezani kwake bila kukodi mitambo ya mbali. Mwezi haujaisha, John Carmack, mmoja wa waliotengeneza gemu ya Doom, alikuwa ameshaichomeka ya kwake na kuandika mistari michache kwenye X. Kifaa kimeandikiwa wati 240, alisema, lakini hakionekani kuvuta zaidi ya 100. Kazi kinayotoa ni kama nusu ya iliyotangazwa, na hata kwa kiwango hicho kinapata moto. Akauliza kama kilipunguzwa nguvu kabla ya kuuzwa.

Basi. Hakupiga picha ya boksi likifunguliwa wala hakutoa nyota nne kati ya tano. Aliangalia umeme unaoingia, akaangalia kazi inayotoka, akaandika alichokiona kama mtu anayemweleza mwenzake kazini. Wenye kifaa hicho wakaanza kupima vya kwao.

Kelele kuhusu vifaa vipya ni nyingi. Wapo wanaolipwa kusifu na wapo wanaoponda kila kitu ili watazamwe. Kwa mizani ya safu hii, neno la mtengeneza gemu lililotupwa tu njiani lina uzito zaidi kuliko mengi ya hayo. Sababu ni ya kikazi. Programu ya mishahara ikichelewa nusu sekunde, mhasibu hatajua. Gemu inayokwenda kwa fremu 60 kila sekunde inampa mtengenezaji chini ya milisekunde 17 kusoma vidole vya mchezaji, kuhesabu mwendo wa kila adui na kuchora picha nzima. Kifaa kikimdanganya kidogo, mchezaji ameshauawa na lawama ni zake.

Carmack, aliyezaliwa mwaka 1970 katika jimbo la Kansas, ana tabia hii tangu zamani. Aliianzisha kampuni ya magemu ya id Software pamoja na wenzake mwaka 1991. Wolfenstein 3D ikatoka 1992, Doom Desemba 1993, Quake 1996. Katika miaka hiyo alikuwa na faili la maandishi matupu ambalo yeyote mwenye intaneti angeweza kulisoma. Humo aliorodhesha hitilafu alizorekebisha siku hiyo, na katikati ya orodha akachomeka maoni yake. Desemba 1996, zimebaki siku mbili Krismasi ifike, aliandika kwamba amejaribu njia mbili za kuifanya kompyuta ichore picha za pande tatu. Direct3D ya Microsoft ilimtesa, OpenGL ilimfaa. Kwa hiyo Quake ingekwenda na OpenGL. Mwezi uliofuata toleo hilo likatoka, na 3dfx, iliyokuwa ikitamba kwa kadi za picha, ikatengeneza programu ndogo mahususi ili kadi zake ziweze kuiendesha. Viwanda vilisoma manung'uniko ya mtu mmoja vikayafanyia kazi.

Mkasa wa simu unachekesha zaidi. Mwaka 2005 Carmack alieleza kuwa yeye si mtu wa simu za mkononi. Kuongea na watu hakumvutii kiasi hicho, kwa nini awarahisishie kumpigia? Lakini simu yake ya zamani ilipotea na mke wake akamnunulia ya kisasa zaidi, yenye skrini ya rangi na magemu kadhaa ya Java ya majaribio. Magemu yalikuwa mabovu. Ubovu huo ndio uliomshika.

Akafungua, akaanza kuandika programu. Aliyoyakuta yanajulikana na kila aliyewahi kushusha gemu za Java kwenye simu za vitufe, hapa kwetu pia, enzi zile gemu ya nyoka ya Nokia ilikuwa mfalme wa foleni ya benki. Java ilikuwa inajitapa kuwa programu ukiiandika mara moja inakwenda kila mahali. Carmack aliicheka kauli hiyo waziwazi: alikuwa anajaribu kwenye aina nne tu za simu, na hakuna mbili zilizokuwa na vituko vinavyofanana. Vitufe navyo vilikuwa vidogo, na simu nyingi zilikataa kubonyezwa viwili kwa wakati mmoja. Ukikimbia huwezi kupiga risasi.

Wengi waliendelea kulazimisha magemu ya mbio na mapigano kwenye vitufe hivyo. Yeye alibadilisha mchezo ufuate kifaa. Doom RPG, iliyotoka mwaka huohuo, ni ya zamu: unapiga hatua, adui naye anapiga yake, dunia inakusubiri. Kidole kimoja kinatosha, na ukishuka kwenye basi hujafa.

Wajapani walikuwa na bingwa wao wa jicho hili. Gunpei Yokoi wa Nintendo alimwona mfanyakazi mmoja kwenye treni akijipotezea muda kwa kubonyezabonyeza kikokotoo, na kutokana na hapo ikazaliwa Game & Watch mwaka 1980. Alipenda teknolojia iliyokwisha kuwa rahisi, kisha aitafutie kazi mpya. Game Boy ya 1989 ilikuwa na skrini isiyo na rangi, na betri zake zikadumu wakati za wapinzani wenye skrini za rangi zikizimika baada ya saa chache. Hata hivyo Yokoi huyohuyo alitoa Virtual Boy mwaka 1995, mashine ya picha nyekundu iliyolalamikiwa kwa kuumiza vichwa, kwa hiyo tusimtukuze kupita kiasi.

Turudi kwa Carmack, mwaka 2012, kwenye jambo ambalo wasomaji wa safu hii wanaopeleka watoto kucheza mpira wa skrini watalielewa haraka. Aliandika kuwa anaweza kutuma pakiti ya data hadi Ulaya kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kupeleka nukta moja ya picha kwenye skrini iliyo mbele yake. Watu walidhani ni mzaha. Alipoulizwa alieleza alivyopima. Aliandika programu inayobadilisha rangi ya skrini pindi kitufe cha pedi kinapobonyezwa, akaweka kamera ya fremu 240 kwa sekunde inayoona pedi na skrini kwa pamoja, halafu akahesabu fremu moja moja.

Televisheni ya kizamani yenye kisogo ingecheka. Skrini ya aina hiyo aliyoitumia kulinganishia ilianza kubadilika rangi baada ya fremu mbili tu. Haikuwa ajabu skrini bapa ya kompyuta kuchukua fremu kumi na zaidi. Miwani ya Sony HMZ-T1, kifaa cha kuvaa kichwani ambacho ndicho hasa alichokuwa anakipima, ilichukua wastani wa fremu 18, yaani zaidi ya milisekunde 70. Pakiti ya data haihitaji muda wote huo kuvuka Atlantiki kwa upande mmoja.

Tatizo haliko kwenye waya. Skrini bapa hupokea picha, huishika, huing'arisha, huilainisha, ndipo huiachia. Ndiyo maana televisheni nyingi sasa zina chaguo la "Game Mode", linaloziambia ziache urembo na kuonyesha picha kama ilivyokuja. Kijana wa kibanda cha gemu Mbagala au Kayole anayekataa kuchezea skrini fulani kwa sababu "pasi zinachelewa" anasema alichosema Carmack, bila kamera. Lakini ingia dukani Kariakoo uulize televisheni inachelewa kwa milisekunde ngapi. Utaonyeshwa inchi. Utaambiwa 4K. Kwenye boksi nako ni mapikseli na majina ya rangi, kwa kuwa hayo huuzika.

Kutoridhika na miwani ile ya Sony kulikuwa na matokeo makubwa. Akitafuta bora zaidi mtandaoni, Carmack alimpata kijana wa California, Palmer Luckey, aliyekuwa akiunganisha miwani ya uhalisia pepe nyumbani. Luckey alimtumia moja. Carmack akaishika kwa utepe wa gundi, akaiwekea Doom 3, akaipeleka kwenye maonyesho ya E3 mjini Los Angeles, Juni 2012. Miezi michache baadaye Oculus, kampuni ya Luckey, ilichangiwa na umma zaidi ya dola milioni 2.4, Agosti 2013 Carmack akawa mkuu wake wa teknolojia, na Machi 2014 Facebook ikainunua kwa takriban dola bilioni 2.

Siku ya habari hiyo mtengeneza gemu mwingine alitoa maoni yake papo hapo. Markus Persson wa Sweden, aliyetengeneza Minecraft, alikuwa amechangia dola 10,000 katika ule mchango wa umma. Akatangaza kuwa anavunja mazungumzo ya kuipeleka Minecraft Oculus kwa sababu Facebook inamtia kinyaa. Septemba ya mwaka huohuo naye aliiuza kampuni yake kwa Microsoft kwa dola bilioni 2.5, na Microsoft ikaipeleka Minecraft kwenye miwani hiyo mwaka 2016.

Ni rahisi kumcheka. Lakini Persson hakuwa amepima kifaa. Alikuwa amemtazama mwenye kifaa. Mwaka 2020 Facebook ilitangaza kuwa mnunuzi mpya wa miwani hiyo lazima aingie kwa akaunti ya Facebook, na ikabidi ipite miaka miwili kabla sharti hilo halijaondolewa. Carmack, ndani ya nyumba, hakuliona hilo kuwa shughuli yake kuu. Alikuwa anahesabu milisekunde.

Na aliendelea kuzihesabu hadharani, jambo la nadra kwa mtu mwenye cheo chake. Mwaka 2019 alisimama kwenye mkutano wa kampuni yake mwenyewe akasoma kitu kama wasifu wa marehemu wa Gear VR, miwani ya bei nafuu iliyotumia simu ya Samsung kama skrini. Watu waliinunua wakaiacha. Maelezo yake yalihusu mikono na betri: unatoa simu mfukoni, pengine unavua kava, unaipachika kwenye miwani, inakula chaji ya simu unayoihitaji jioni. Kila hatua inampunguza mtumiaji. Hakuna mahali aliposema watu hawajaelimika kuhusu teknolojia mpya.

Oktoba 2021, siku ileile Mark Zuckerberg alipoibatiza kampuni jina la Meta na dunia nzima kuanza kuimba metaverse, Carmack alisema katika hotuba yake kwamba angependa dunia hiyo pepe iwepo, ila kukaa chini na kuijenga moja kwa moja siyo njia ya kuipata. Ni mtego, alionya, kwa wale wanaopenda kuchora mipango mirefu isiyogusa bidhaa. Mwaka uliofuata, Meta ilipozindua Quest Pro ya dola 1,500, yeye alikuwa akitamani miwani ya dola 250 yenye uzito wa gramu 250. Desemba 2022 akaondoka, akiacha waraka unaolalamika kuwa kampuni ina watu na fedha tele lakini inajihujumu yenyewe. Vision Pro ya Apple ilipofika madukani Februari 2024 kwa dola 3,499, ikiwa na zaidi ya gramu 600 usoni, zile 250 mbili zilionekana si ubahili tena.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo kipimo chake hakifiki. Mapema 2025 Microsoft ilionyesha jaribio ambamo akili mnemba ilitunga picha za Quake II papo hapo mchezaji akicheza. Picha zilikuwa na ukungu, na ukimwacha adui ukageuka, ukirudi huenda hayupo. Mtu mmoja alipoliita jambo hilo chukizo, Carmack, ambaye kazi yake ndiyo iliyoigwa, alilitetea. Alisema magemu yake ya kwanza aliyaandika kwa kutafsiri mwenyewe lugha ya mashine tarakimu kwa tarakimu, na kazi hiyo imekufa bila kuliliwa. Zana zenye nguvu huwasaidia walio bora wafike mbali zaidi. Kama ajira za watengeneza gemu zitaongezeka au zitapungua, alikiri kuwa ni swali lililo wazi: huenda ikawa kama kilimo, ambako wachache wenye mashine hulisha wengi.

Kuhusu zana nitamsikiliza mpaka kesho. Kuhusu kilimo, ni rahisi kuuita mfano ukiwa si wewe unayeondolewa shambani. Julai mwaka huohuo Microsoft ilitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 9,000, wakiwemo wa kitengo chake cha magemu, na miradi kadhaa ikafutwa. Hakuna aliyethibitisha kuwa akili mnemba ndiyo iliyowatoa. Miongoni mwa studio zilizoamka na kukuta mchapishaji ameondoa fedha ni Romero Games ya Galway, Ireland, na vyombo vya habari vilimtaja mchapishaji huyo kuwa Microsoft. Studio hiyo ni ya John Romero na mkewe Brenda. Romero ndiye aliyeitengeneza Doom pamoja na Carmack.