Rimu Zako Zinang'aa kwa Ngozi ya Nani?

Mtu aliyejinyima miezi kadhaa akanunua rimu mpya za aloi ana haki zote za kuzipenda. Azipige picha, azitazame kupitia dirisha la ofisi, amkaripie mtoto anayezigusa kwa baiskeli. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na chupa anayoagiza imwagwe juu yake kila Jumamosi, na mikono ya kijana anayeimwaga.

Tuanze na uchafu wenyewe, maana wengi wanaupigania bila kuujua. Ule weusi unaoganda kwenye rimu si vumbi la barabara. Ukikanyaga breki, pedi inabana diski ya chuma na vyote viwili vinalika kidogo kidogo. Chembe zinaruka zikiwa za moto na kunasa kwenye rangi ya rimu. Ndani yake mna chuma, kaboni, gundi iliyoungua na, kwenye pedi nyingi, shaba. Chuma hicho kikipata unyevu na hewa ya chumvi ya Dar es Salaam kinashika kutu palepale kilipokaa, na hapo ndipo vinapozaliwa vile vidoa vya kahawia vinavyogoma kutoka kwa sabuni. Tazama IST nyingi mjini: rimu za mbele nyeusi, za nyuma zina nafuu. Breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa, na za nyuma mara nyingi ni za dramu, ambazo hufungia vumbi lake ndani. Aliyetoka Iringa akaushuka mlima wa Kitonga kwa kukanyaga breki badala ya kutumia gia ndogo, huhitaji kumuuliza. Magurudumu yanamsema.

Kinga yake ni rahisi kiasi cha kukatisha tamaa. Siku rimu zinapofungwa, kabla hazijaona foleni ya Ubungo, zioshwe, zikaushwe, zipakwe nta au ile kinga ya seramiki, nje na upande wa ndani ambako watu husahau na ambako vumbi hujaa zaidi. Baada ya hapo ni maji, sabuni laini na brashi ya nywele laini kila wiki, rimu zikiwa zimepoa. Vumbi likikuta tabaka la nta halipati pa kushika. Nta ikiisha, pakaza tena. Chembe zilizokwisha kunasa zina dawa yake, isiyo na asidi, inayogeuka zambarau inapokutana na chuma. Inanuka vibaya, na inastahili kunuka: kiungo chake ni jamaa ya kile kilichomo kwenye dawa za kukunja nywele. Waliowahi kukaa karibu na shangazi aliyetoka kutengeneza kalikiti wataikumbuka harufu hiyo. Nayo pia inataka glavu.

Lakini hivyo sivyo tunavyofanya. Ninasoma shahada ya uzamili ya kemia, na mwaka huu nimekaa sana kwenye sehemu za kuoshea magari kuliko maabara. Siku moja kijana aliyevaa kaptula na yeboyebo alimwambia mteja, kwa adabu kabisa, "Bosi, hizi bado mpya, sabuni inatosha." Mteja hakuinua macho kwenye simu. "Dogo, anayelipa ni mimi. Mwaga ile kali."

Ile kali ilikuwa kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, lebo imebanduliwa. Kijana aliimwaga kwa mkono mtupu, povu likatoka, mteja akafurahi kwa sababu kwetu sisi povu ni ushahidi wa kazi.

Baadhi ya visafisha rimu vikali hutengenezwa kwa asidi ya haidrofloriki au chumvi zake. Asidi hii ina unafiki wa pekee. Ikiwa nyepesi, inaweza kupenya ngozi bila maumivu mwanzoni. Maumivu yanakuja saa kadhaa baadaye, wakati imeshazama na kuanza kuivuta kalisi ya mwili. Anayeosha anakuwa ameshalipwa, ameshaondoka, amelala. Asubuhi atamwambia nani kwamba vidole vilichomwa na gari la jana? Na rimu yenyewe? Asidi inafifisha tabaka la juu la rangi, na ikifikia aluminiamu inaitoboa vitundu vidogo ambavyo vumbi la kesho litajificha vizuri zaidi. Kwa maneno mengine, mteja analipa ili rimu yake ichafuke haraka.

Mwaka 2010 majimbo ya Washington na California, Marekani, yalitunga sheria za kupunguza shaba kwenye pedi za breki. Sababu mojawapo ilikuwa samaki: shaba ikioshwa na mvua hadi mitoni inawaharibia samoni uwezo wa kunusa. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha kanuni za Euro 7, zinazoweka kikomo cha chembe za breki, miligramu 7 kwa kilomita kwa magari madogo mengi na 3 kwa yale ya umeme. Kule vumbi hili limeshakuwa jambo la bunge. Sisi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003, lakini kijana anayelipwa kwa gari moja moja, kando ya barabara, mwajiri wake ni nani? Ni wewe, kwa dakika arobaini.

Najua majibu. La kwanza, kwamba vijana wenyewe ndio wanaoitumia hiyo dawa. Wanaitumia kwa sababu asiyeitoa anaambiwa hajui kazi, na gari linahamia kwa jirani. La pili, kwamba kuzungumzia glavu ni anasa ya wasomi. Glavu za mpira za kuoshea vyombo zinauzwa kwenye duka lolote la mtaani, na mtu mwenye rimu za inchi 18 hawezi kuniambia kwamba hizo ndizo zitakazomfilisi. Lipo pia gereji linalopuliza vumbi la breki likiwa kavu kwa upepo wa kompresa, fundi ameinamia gurudumu, mdomo wazi, na mwenye gari amesogea mita tano ili shati lisichafuke. Alijua kusogea. Kwa nini hakusema liloweshwe kwanza?

Jibu la tatu ndilo la kweli kuliko yote: muda hakuna. Rimu zilizotoka barabarani zina moto, sabuni inakauka juu yake na kuacha alama, kwa hiyo inabidi kusubiri zipoe, na kusubiri hatupendi. Pembeni ya karibu kila sehemu ya kuoshea magari niliyokaa kuna mama anayeuza chai na chapati. Agiza chai. Mwagizie na kijana.